Mkono Juu, Mkono Kiunoni

Jumatatu ile mbinja haikusikika.

Kwa miaka mingi mtaa ule ulikuwa ukiamshwa nayo: mbinja moja ndefu ya vidole viwili mdomoni, iliyotoka njia panda, ikapita juu ya mabati, ikaingia madirishani na kuwakuta watu nusu macho, nusu ndotoni. Mwenye chai jikoni aliiepua. Mwenye mtoto wa shule alianza kutafuta soksi ya pili. Asubuhi ile, hata wale waliokuwa wakiilaani kila siku huku wamevuta shuka hadi utosini waliamka wenyewe, wakaketi vitandani na kusikiliza, kama mtu anayepapasa meza akitafuta miwani aliyoivaa.

Kisha zikaanza honi.

Katikati ya njia panda, pale pale alipozoea kusimama mama mmoja mwenye futi ya ushonaji shingoni, ilikuwa imesimama sanamu yake. Ilikuwa sanamu ya saruji, makwapani bado haijakauka vizuri, mkono wa kulia umeinuliwa juu, wa kushoto umeshika kiuno. Dereva wa lori la mchanga ndiye aliyefika wa kwanza. Aliutazama ule mkono ulioinuliwa, akakanyaga breki, akazima injini.

Dereva wa teksi aliyekuwa nyuma yake akatoa kichwa dirishani. "Kaka, umelala?"

"Mama kasema nisimame."

"Yule si Mama. Yule ni saruji."

"Saruji imeinua mkono."

Dereva wa teksi akaiangalia sanamu kwa makini, akijikuna kidevu. "Lakini mkono mwingine uko kiunoni. Kiunoni ni sisi wadogo."

"Basi pita wewe, mdogo."

Akapita. Tatizo ni kwamba kwenye barabara nyingine tatu kulikuwa na wadogo wenzake, nao wote walikuwa wamekiona kiuno.

Mama mwenyewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Futi, alikuwa karibu tu, mlangoni pa duka lake la ushonaji lililotazamana na njia panda. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, mikono mapajani, anayaangalia magari yanavyobanana pua kwa pua. Alikuwa amepumzishwa. Amepumzishwa kwa heshima, mbele ya mgeni rasmi, kwa makofi ya kuumiza viganja, na hakuna aliyekuwa amemuuliza kama amechoka.

Hakuwa amechoka. Hilo ndilo lililokuwa limemkaa kooni tangu Jumamosi, na hakujua atalitolea wapi.

Watu walipenda kusema kwamba Mama Futi alianza kuongoza magari kwa huruma. Si kweli. Alianza kwa hasira. Enzi hizo njia panda ile haikuwa na mwenyewe. Kila dereva alijiona yeye ndiye aliyetangulia kuzaliwa, na honi zililia tangu jua linachomoza. Siku moja alikuwa anakata suruali ya bwana harusi. Kipimo alikuwa nacho kichwani, mkasi mkononi, ikapigwa honi moja ya lori nyuma ya kisogo chake, na kipimo kikamtoka kichwani kama njiwa. Bwana harusi alifunga ndoa mguu mmoja wa suruali ukiishia kwenye kifundo na mwingine ukiishia kwenye mjadala. Kwenye picha za harusi ile anaonekana amesimama nyuma ya chungu cha maua.

Basi Mama Futi akatoka nje na mkasi wake, futi shingoni, akaenda kusimama katikati ya barabara.

"Wewe, rudi nyuma," alimwambia wa kwanza. "Na wewe kaka, unayetukana. Mama yako nina gauni lake ndani, leo anakuja kulijaribu. Nimwambie ulichosema?"

Kukawa kimya kiasi cha kusikia cherehani ya jirani. Toka hapo aligundua nguvu aliyokuwa nayo. Karibu kila dereva aliyepita pale alikuwa na mke, mama, dada au mkwe ambaye nguo yake ilikuwa kwenye rafu ya Mama Futi, na kila mmoja alijua kwamba nguo inaweza kuchelewa. Hakuna askari aliyewahi kuwa na silaha kama hiyo.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Hakuna aliyemwajiri, hakuna aliyempa sare. Alipata kreti tupu la soda akawa anapanda juu yake ili aonekane. Na kwa kuwa hakufundishwa na mtu ishara za barabarani, mikono yake ikatumia lugha iliyoijua. Akigusa kifua, hayo yalikuwa malori, kwa sababu ya upana. Akishika kiuno, magari madogo. Akigonga goti, pikipiki. Barabara aliyoielekea kwa uso ndiyo iliyoambiwa. Mkono juu maana yake ilikuwa moja tu: wote simameni, hata wewe mwenye haraka. Mgeni aliyepita pale mara ya kwanza alidhani mama wa watu ameingiliwa na siafu. Akipita mara ya pili alikuwa ameshaelewa, na mara ya tatu yeye ndiye aliyewafokea wengine.

Mumewe alikuwa fundi redio. Kibanda chake kiliegemea duka la mkewe kwa namna ambayo usingejua nani anamshikilia nani. Alikuwa mtu wa maneno machache, mengi kati yake ya utani. "Mke wangu anaendesha magari yote ya mji huu," aliwaambia wateja, "na leseni hana."

Lakini alimwelewa kuliko alivyosema. Alikuwa amemwona mkewe dukani, siku nzima ameinama: ameinamia kitambaa, ameinamia pindo, ameinamia malalamiko ya mteja aliyenenepa na hataki kuambiwa. Ndipo alipomwona asubuhi pale juu ya kreti, amesimama wima, vumbi na mwanga vikimzunguka, na dunia nzima ikipita mbele yake kwa zamu. Kuna watu ambao Mungu amewapa mahali pamoja tu pa kunyooka mgongo. Wengine hupata msikitini au kanisani, wengine kitandani. Mkewe alipata pale, kati ya barabara ya sokoni na barabara ya hospitali, moshi ukimpiga usoni.

Sasa, Mwenyekiti wa mtaa alikuwa mtu mwema. Hili lisemwe mapema, kwa sababu yote yaliyofuata ni kosa lake. Alikuwa na sauti ya kipaza sauti hata asipokuwa na kipaza sauti, na moyo uliowaka haraka. Siku moja alialikwa mtaa wa pili kwenye sherehe ya kuwaenzi watu wanaojitolea. Waliitwa mmoja mmoja, wakapewa vyeti, wakapigwa picha. Mwenyekiti alirudi nyumbani wivu umemchoma.

"Cheti ni chakula cha mchwa," aliiambia kamati yake. "Sisi tutampa Mama Futi kitu ambacho mchwa wakikiona watahama mtaa."

Akamwita fundi vyungu. Huyu alikuwa na uwanja wake pembeni mwa barabara ya sokoni, akitengeneza vyungu vya maua vya saruji, nguzo fupi za baraza, na simba wa kuweka getini kwa wale wenye mageti.

"Umeshawahi kutengeneza mtu?" Mwenyekiti akamuuliza.

"Mtu ni vyungu vilivyopangwa, Mwenyekiti. Kikubwa chini, cha wastani juu yake, kidogo juu kabisa."

"Na uso?"

"Uso ninao."

Uso aliokuwa nao ulikuwa wa simba. Kalibu ya uso aliyokuwa nayo ilikuwa hiyo moja, na fundi alisema kwamba manyoya akiyapunguza kwa mwiko yatakuwa nywele tu, kama za mtu yeyote. Kamati ikaridhika.

Mtaa mzima ukachangia kwa siri. Aliyekuwa na mchanga alileta ndoo ya mchanga, aliyekuwa na kokoto alileta kokoto, na asiye na kitu alileta ushauri. Fundi redio alipoambiwa kwamba vidole vinahitaji vyuma vyembamba ndani ili visikatike, alitoa antena za redio zilizokufa.

"Atakayepita chini ya mkono huo," alisema, "atapata taarifa ya habari."

Mkono wa kulia waliamua uinuliwe, kwa sababu mkono ulioinuliwa una heshima. Wa kushoto ulitakiwa uning'inie, lakini kila ulipokauka ulianguka, na kila ulipoanguka ulimkosakosa kuku wa fundi. Mwishowe fundi akaukunja na kuubandika kiunoni, kama mshikio wa birika. Hakuna mwanakamati aliyefikiria mkono ule utasemaje pale barabarani. Wanakamati wote walikuwa watu wa kwenda kwa miguu.

Jumamosi ikafika. Turubai lilifungwa, viti vikapangwa, njia panda ikafungwa kwa kamba. Mama Futi aliletwa na mumewe akiwa amevaa gauni alilojishonea mwenyewe, na alipoona umati alidhani kuna msiba. Mgeni rasmi alikuwa afisa kutoka ofisi za juu, ambaye alikosea jina la mtaa, akasahihishwa, akashukuru, akakosea tena. Kisha shuka iliyoifunika sanamu ikavutwa. Ikanasa kwenye vidole. Ikavutwa tena. Fundi vyungu akapanda ngazi akiwa na suti ya kuazima, akainasua, na watu wakaona.

Makofi yalichelewa kidogo kuliko inavyofaa.

"Ni wewe kabisa," mumewe akamnong'oneza. "Siku ile niliyosahau kufunga bomba."

"Nina sharubu?"

"Hicho ni kivuli."

"Kivuli cha nini, na jua liko nyuma?"

"Piga makofi, mke wangu. Watu wanakuangalia."

Mwenyekiti akashika kipaza sauti ambacho hakukihitaji. Alisema maneno mazuri. Alisema mtaa usiokumbuka watu wake ni mtaa wa wapangaji tu, hata kama wote wana nyumba. Watu wakaanza kujifuta macho, naye akanogewa, na hapo ndipo alipovuka mpaka. "Kuanzia leo," alisema, "Mama apumzike. Inatosha. Sanamu hii ndiyo itakayosimama badala yake. Na atakayeidharau sanamu hii, huyo amemdharau Mama mwenyewe, na amenidharau na mimi."

Waliopiga makofi zaidi walikuwa madereva. Waliyachukua maneno yale kama yalivyo, wakaenda nayo nyumbani.

Mama Futi alisimama. Alitaka kusema, ndugu zangu, mimi sijachoka. Lakini alimwona fundi vyungu, saruji bado imemganda kwenye nyusi, anatabasamu kama mtu aliyetoka kupata mtoto wa kwanza. Akawaona akina mama waliobeba ndoo za mchanga kichwani. Akaiona miguu ya sanamu, au tuseme chungu kilichokuwa badala ya miguu, imekaa juu ya mahali pake hasa, pale lami ilipolainishwa na kreti lake.

"Nashukuru," alisema. Neno lilimtoka limenyooka kama limepigwa pasi.

Ndiyo maana Jumatatu mbinja haikusikika.

Jumanne ilikuwa vile vile, na Jumatano mbaya zaidi, kwa sababu mvua ilinyesha usiku na sanamu ikabadilika rangi usoni, ikaonekana imekasirika. Macho yale ya simba, yaliyotengenezwa ili yamtishe mwizi popote atakapotokea, yalitazama pande zote kwa pamoja. Kila barabara iliamini inaangaliwa yenyewe. Malori yalisimama yakangoja mkono ushuke. Magari madogo yaliingia yote kwa mara moja, yakakutana katikati, yakaanza kuulizana ukoo. Pikipiki hazikuambiwa chochote, zikapita kwenye baraza za watu.

"Watazoea," alisema Mwenyekiti alipoulizwa. "Ni suala la elimu."

Dukani, Mama Futi alishona mkono wa blauzi chini juu. Aliufumua, akaushona tena, safari hii ndani nje. Kila honi ilimgusa bega kama mtu anayemwita, na kila ilipomgusa aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio la cherehani, akakumbuka, akaurudisha.

Mumewe akaja kusimama mlangoni na bisibisi yake. "Kwani huwezi kwenda tu?"

"Nikasimame wapi? Mabegani kwake?"

"Ubavuni."

"Halafu watu waseme nimekataa heshima yao. Mchanga wote ule, baba. Yule fundi alinilalia begani akilia mpaka gauni likaingia saruji. Nikisimama pale mbele ya sanamu yake, si ni kama kumwambia mtoto wako ni mbaya?"

"Mtoto wake ana sharubu."

"Ndiyo maana tusimwambie."

Mumewe akarudi kibandani na bisibisi yake.

Alhamisi asubuhi Mwenyekiti alikuja dukani mwenyewe, akiruka tope kati ya gari na gari. Alihitaji suti. Alikuwa amealikwa mtaa mwingine kwenda kuwaeleza jinsi ya kuwaenzi wanaojitolea.

"Wameisikia sifa yetu," alisema.

"Wameisikia foleni," alisema fundi redio kutoka kibandani.

Mama Futi akamsimamisha Mwenyekiti mlangoni kwenye mwanga, mgongo wake ukielekea barabarani. Akavuta futi shingoni, akamzungushia kifuani. Uso wake mwenyewe ulikuwa umeelekea barabara ya sokoni, kwa kuwa ndiko mwanga ulikotoka.

Lori la mchanga likanguruma, likaondoka.

Mama Futi akainua macho. Dereva wa lori alikuwa amechungulia ubavuni mwa sanamu, amemwona mlangoni, ameuona mkono kifuani. Akampungia wakati anapita, uso umemlegea kama mtu aliyefunguliwa kamba. Na nyuma yake malori mengine ya barabara ya sokoni yakafuata, taratibu, kwa adabu.

Mama Futi akapumua polepole. Kisha, kana kwamba ni kazi tu, akamzunguka Mwenyekiti upande wa pili, akaelekea barabara ya hospitali, akashusha futi kiunoni.

Teksi zikapita.

"Kiuno kimeongezeka?" akauliza Mwenyekiti.

"Ngoja nihakikishe." Akakipima tena mpaka teksi zikaisha. Akapiga goti, akagusa goti la Mwenyekiti, na pikipiki zikateremka kutoka kwenye baraza zote kama maji. Akainuka, akarudi kifuani, upande wa barabara ya shule safari hii.

"Kifua si ulishapima, Mama?"

"Kimebadilika."

"Tangu sasa hivi?"

"Unahema sana, Mwenyekiti. Kiongozi mwenye pumzi nyingi hushonewa kwa uangalifu. Inua mkono mmoja juu. Wa kulia."

Mwenyekiti akainua. Barabara zote zikasimama. Ukimya ukaanguka juu ya njia panda, ukimya mzuri, uliokuwa haujasikika tangu wiki iliyopita, na ndani yake Mwenyekiti akageuza shingo na kuangalia nyuma. Aliona magari yamejipanga. Aliona madereva wameegemea usukani, macho yote kwenye kwapa lake.

Akaushusha mkono kidogo. Lori moja likatikisika. Akaurudisha juu upesi.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini, ambayo hakuna mtu aliyejua kwamba anayo. "Hebu gusa goti."

Akaligusa. Pikipiki zikapita.

"Lo." Akanyoosha kidole cha kushoto. "Na kiuno? Upande ule?"

Magari madogo ya barabara ya hospitali yakapita.

"Sasa kifua."

"Mwenyekiti, hatuchezi. Kuna watu wanachelewa kazini."

"Mara moja tu, Mama. Yale mawili makubwa kule."

Akampa yale mawili. Kisha akaikunja futi mkononi, na kwa kuwa barabara zilikuwa zimetulia na hakuna honi ya kumkatiza, alisema lile lililokuwa limemkaa kooni.

"Mwenyekiti, mimi sijachoka."

Mwenyekiti alimtazama. "Hukusema."

"Hukuniuliza."

Mwenyekiti akaketi kwenye kigoda cha wateja, chaki za kupimia zimemjaa mabegani. Fundi redio akasogea karibu ili asipitwe.

"Nilidhani nakupa zawadi," Mwenyekiti akasema.

"Umenipa. Nashukuru kwa zawadi. Lakini umeiweka juu ya mahali pangu."

"Siwezi kuing'oa. Watu wametoa mchanga wao. Wataniambia nini? Na fundi atalia."

"Alilia na siku ile."

"Siku ile alilia kwa furaha. Safari hii atalia kwelikweli."

Wote wawili wakautazama mgongo wa sanamu. Kwa nyuma ilikuwa nzuri zaidi. Ilikuwa chungu tu.

"Si mnajua kupumzisha watu?" alisema fundi redio, huku akipuliza vumbi kwenye redio iliyofunguliwa tumbo. "Ipumzisheni na yenyewe."

Mwenyekiti akamgeukia polepole. Ule moyo wake wa kuwaka ukaanza kuwaka.

"Imefanya kazi wiki nzima," fundi redio akaendelea, "usiku na mchana, bila chai. Hata mke wangu hakuwahi kufanya hivyo."

Jumamosi iliyofuata turubai likafungwa tena. Mgeni rasmi hakuja. Walisema ameshindwa kupata jina la mtaa. Mwenyekiti alisimama mbele ya watu wale wale, mbele ya sanamu ile ile, akahutubia kwa dakika nyingi bila hata chembe ya kucheka, na hapo watu walimheshimu kuliko walivyowahi kumheshimu.

"Imesimama juani," alisema. "Imesimama kwenye mvua. Haikudai maji. Haikuomba ruhusa hata ya kwenda msalani. Ndugu zangu, ni wangapi kati yetu tunaoweza kusema hivyo?"

Watu wakakiri kwamba ni wachache.

"Imejitolea kwa moyo wake wote, na kama mnavyojua, ni moyo wa kokoto. Leo tunaitunukia cheti. Na kwa kuwa imetumika bila likizo, tunaomba ikapumzike nyumbani kwa mzazi wake."

Mzazi, yaani fundi vyungu, aliitwa mbele. Alikuja akiwa anapepesa macho, hajui kama amepandishwa au ameshushwa. Mama Futi akamfuata, akamshika mkono mbele ya wote. Alikuwa amekesha siku mbili akitafuta neno la kweli la kumwambia, kwa sababu uongo asingeuweza.

"Fundi," alisema, "hakuna mtu aliyewahi kunitengenezea kitu. Mimi ndiye ninayewashonea watu. Hii ya kwako ndiyo ya kwanza."

Fundi akalia. Mwenyekiti akafumba macho. Lakini kilikuwa kilio kile cha siku ya kwanza, na gauni likaingia saruji tena.

"Nitaiweka mbele kabisa, Mama," fundi akasema akijifuta. "Mbele ya simba wote."

"Itajisikia nyumbani," fundi redio akamwambia jirani yake.

Cheti kikafungwa kwa uzi kwenye kidole cha antena. Wanaume wakaizungushia sanamu kamba, wakaitikisa mpaka ikaachia lami, na lori la mchanga likaitwa lije kuipakia. Dereva akaja mpaka kwenye mstari wa barabara ya sokoni. Akasimama. Akazima injini.

"Sogea," akaambiwa.

"Siwezi. Mkono uko juu."

"Kaka, tunaiondoa. Ndiyo hiyo hiyo tunayoiondoa."

"Bado haijaondoka. Mwenyekiti alisema atakayeidharau amemdharau Mama. Mama ana suruali yangu ndani, na ya mkwe wangu."

Mwenyekiti akamwamuru. Dereva akasema anamheshimu sana Mwenyekiti, lakini Mwenyekiti hashoni. Kamati ikamzunguka, ikambembeleza, ikamtisha. Mtu mmoja akapendekeza mkono wa sanamu ufunikwe kwa shuka ili usionekane, na dereva akasema hata ukifunikwa yeye anajua uko juu.

Ndipo watu, mmoja baada ya mwingine, walipogeuka na kumtazama Mama Futi.

Alikuwa amesimama ukingoni mwa barabara, mkono wa mumewe kiwikoni mwake. Hakuna aliyemwomba. Walimtazama tu, wakiwa na aibu kidogo, kama watu waliofunga mlango na kugundua kwamba mwenye nyumba yuko nje. Akamtazama mumewe.

"Nenda," mumewe akasema. "Redio haijitengenezi yenyewe."

Akaingia barabarani na gauni lake la sherehe. Hakukuwa na kreti. Akasimama chini, mbele ya sanamu iliyoinama kwenye kamba zake. Akatia vidole viwili mdomoni. Mbinja ikatoka, ndefu, ikapita juu ya turubai na juu ya mabati, na kwenye nyumba moja ya nyuma mtoto mchanga aliyelala mchana akaamka na kuanza kulia kwa mazoea. Mama Futi akaelekeza uso wake barabara ya sokoni, akagusa kifua.

Lori likawaka.

Hakutoka pale mpaka jioni. Kamba ya kufungia njia iliondolewa, magari yakaja, na hakukuwa na sababu ya kutoka. Mwenyekiti ndiye aliyemletea maji ya kunywa, akingoja ukingoni mpaka aitwe, kwa kuwa hakujua watu wa miguu wenye glasi wanaguswa wapi.

Suti ilikamilika siku chache baadaye, ikawa pana kifuani. Sanamu iko uwanjani kwa fundi vyungu, kati ya simba wawili. Mama Futi yuko njia panda kila asubuhi mpaka watoto wote wawe wameingia shuleni, isipokuwa Jumapili. Wakati haya yanaandikwa yuko pale, na barabara ya hospitali ndiyo inayopita.